Tairi likiachia ringi, moto si dawa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya tairi lililoachia ringi. Sisemi tairi lililochomwa na msumari, maana hilo kila mtu analijua, na mjini hapa huendi mbali bila kumkuta kijana mwenye kompresa, karai la maji, na tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara kuwa ndilo bango lake. Nasema tairi zima, lisilo na tundu hata moja, ambalo limechomoka kwenye ringi yake likalegea kama kiatu kisicho na kamba, na upepo wote ukatoka mara moja. Mjini jambo hili ni nadra. Lakini ifikapo Desemba, yale magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo mwaka mzima yamepanda kingo za lami tu, hupakiwa watoto, masanduku na zawadi za wazee yakaelekea vijijini. Huko ndiko tairi huachia ringi, na huko ndiko watu hufanya mambo ambayo yamewagharimu wengine macho, mikono na hata uhai.

Zipo video zinazopita katika simu zetu siku hizi. Mtu anamwaga petroli kidogo ndani ya tairi, au anapuliza humo dawa ya mbu ya kopo, kisha anatupia kiberiti. Tairi linalia kishindo, linakaa sawasawa kwenye ringi, na watazamaji wanashangilia. Wasikilizaji kadhaa wameniuliza kama jambo hilo ni la kweli au ni mchezo wa kamera. Ni la kweli, linawezekana. Na hapo hasa ndipo penye hatari, kwa maana hila isiyofanya kazi kabisa haimwui mtu, watu huiacha. Inayomwua mtu ni ile inayofanya kazi mara tisa, na mara ya kumi ikamgeukia.

Ili tuelewane, tulitazame kwanza tairi lenyewe. Likiwa halijafungwa, utaona lina kingo mbili za ndani, moja kila upande, nene na ngumu kuliko sehemu nyingine zote. Kingo hizo nitaziita midomo ya tairi. Ndani ya kila mdomo imefukiwa pete ya nyaya za chuma ambayo haitanuki hata ukiivuta kwa nguvu gani. Fikra hiyo ni ya zamani. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, lakini tairi lake lilifungwa kwenye gurudumu kwa kitambaa na gundi, na kuziba pancha kulikuwa ni kazi ya nusu siku. Miaka miwili baadaye, mwaka 1890, Mwingereza Charles Kingston Welch akaleta tairi lenye waya katika midomo yake, pamoja na ringi yenye bonde katikati.

Bonde hilo ndilo ufunguo wa mambo yote, na nashangaa jinsi watu wanavyoweza kumiliki magari miaka ishirini bila kuliona. Jiulize: ikiwa waya wa mdomo hautanuki, na ukuta wa ringi ni mpana kuliko mdomo, tairi liliingiaje? Liliingia kwa sababu fundi aliutumbukiza upande mmoja wa mdomo ndani ya lile bonde la katikati, na kwa kufanya hivyo upande wa pili ukapata nafasi ya kuvuka ukuta. Ni kama kuingiza kitanda katika mlango mwembamba. Hupunguzi kitanda wala hupanui mlango, unakilaza upande. Tairi likishaingia, upepo unaisukuma midomo yote miwili kutoka bondeni kwenda nje, kila mmoja upande wake, mpaka ikae kwenye mabega ya ringi. Mabega hayo yameinama kidogo, nyuzi 5 hivi kwa magari madogo, ili mdomo uzidi kubana kadiri unavyosukumwa nje. Katika ringi nyingi za leo, kabla ya kufika begani mdomo huruka tuta dogo lililochongwa kwenye chuma. Ule mlio unaousikia kwa fundi, "pa!", kisha "pa!" ya pili, ni midomo ikiruka tuta hilo.

Zamani, katika Landrova na malori mengi, ndani ya tairi kulikuwa na tyubu, na tyubu ndiyo iliyoshika upepo. Mdomo ukihama kidogo hukupoteza upepo, ingawa tyubu ilikuwa hatarini kung'olewa valvu yake. Baadaye yakaja matairi yasiyo na tyubu. Frank Herzegh wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani alipewa hataza yake mwaka 1952, na mwaka 1955 magari mapya ya Marekani yakawa yanauzwa yakiwa na matairi ya namna hiyo. Leo karibu kila gari dogo unaloliona barabarani linayo. Ni matairi mazuri. Ukipata msumari, upepo hutoka polepole. Lakini sasa kinachozuia upepo usitoke ni mdomo kubana begani, na kinachoubana mdomo begani ni huo huo upepo. Mmoja akiondoka, mwenzake naye anaondoka. Ukitaka kuwarudisha unakutana na fumbo: upepo haukai mpaka mdomo ukae, na mdomo haukai mpaka upepo ukae.

Tairi huachiaje ringi? Mara nyingi ni kwa sababu dereva alipunguza upepo, na huenda alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Katika mchanga mwingi, gari lililozoea paundi 30 au zaidi hupunguzwa mpaka paundi 18 au karibu na hapo, ili tairi litandazike na kukanyaga eneo kubwa. Wenyeji wa Iceland, wanaoendesha juu ya theluji nene, hushuka mpaka paundi 3 au 4, lakini wao hutumia matairi makubwa mno, na wengi hufunga midomo kwa pete ya nje yenye bolti au kwa gundi. Sisi wenye ringi za kawaida tukishuka chini ya paundi 15 tunacheza na bahati. Hapo ukikata kona kali, au ukirudi nyuma huku umegeuza usukani, au jiwe likausukuma ubavu wa tairi, mdomo unasukumwa kutoka begani kurudi bondeni. Upepo unatoka kwa kishindo kimoja. Na wapo wanaoshusha upepo mchangani kwa akili zao zote, kisha wakifika kwenye barabara ngumu wanasahau kuurudisha, wakakata kona kwa mwendo wa lami. Hilo ni baya zaidi, maana tairi huachia ringi gari likiwa mbioni.

Sasa tuseme limekutokea. La kwanza ni tairi la akiba. Ukiwa nalo, na ni zima, funga hilo uendelee na safari. Kazi ya kurudisha mdomo iachie mjini kwa mwenye vifaa. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wenye tairi la akiba lililojaa upepo wakihangaika saa nzima juani kwa ajili ya kuonyesha umahiri.

Kama la akiba limekwisha kutumika, kagua kabla ya kugusa pampu. Pitisha mkono kwenye ubavu wa tairi pande zote mbili utafute mkato. Tazama ukuta wa ringi kama umepinda. Ubavu ukiwa umekatwa mpaka nyuzi za ndani zinaonekana, au ringi ikiwa imepasuka, usilijaze upepo tairi hilo kwa njia yoyote.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kazini katika barabara itokayo Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kwa kupitia Engaruka. Wanaoijua njia hiyo wanalijua vumbi lake la majivu ya volkano, laini kama unga, na mawe yake meusi. Tairi la akiba tulikuwa tumelitumia asubuhi. Saa nane mchana, tukijikwamua katika mkondo mkavu wa mto, tairi la mbele kushoto likaachia ringi kwa upande wa nje. Tulikuwa na kompresa ndogo, zile zinazounganishwa na betri ya gari. Dereva akaijaribu kwa dakika kumi. Upepo uliingia huku na kutokea kule, na geji haikusogea. Kijana mmoja katika msafara wetu akasema, "Mzee, tutie petroli kidogo tuwashe, nimeona wanavyofanya." Dereva, mtu mzima mwenye miaka mingi katika njia za watalii, akamjibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, petroli hiyo ndiyo ya kuturudisha nyumbani. Niletee kamba ya turubai na mpini wa jembe."

Alichokielewa mzee yule ni hiki. Kompresa ndogo ya namna ile hutoa labda lita 30 au 40 za upepo kwa dakika, na tairi la gari la kazi hubeba ndani yake kiasi cha lita 70. Upenyo wa kidole kimoja kuuzunguka mdomo mzima hupitisha upepo mwingi mno kuliko ule unaoingia kupitia valvu. Ukipampu mpaka jua lizame hutapata kitu. Kompresa ya gereji inaweza, kwa sababu ina tangi lililojaa linalotoa upepo mwingi kwa mkupuo. Porini huna tangi. Basi badala ya kuongeza upepo, unapunguza upenyo. Ukiuziba karibu wote, hata pampu ya mguu inatosha.

Gari likapandishwa jeki, na chini ya jeki likawekwa ubao ili isizame, na mawe nyuma ya magurudumu mengine. Kwa kuwa ni mdomo wa nje tu uliokuwa umetoka, gurudumu halikufunguliwa; ungekuwa wa ndani, ingebidi lifunguliwe lilazwe chini. Kwanza alisafisha. Alitoa kila punje ya mchanga na kila unyasi kwenye bega la ringi na kwenye mdomo wa tairi, kwa kitambaa kilicholowa, akazunguka mara mbili. Punje moja ya mchanga hapo huvujisha upepo usiku kucha. Kisha akapaka povu zito la sabuni ya mche kwenye mdomo na kwenye ringi. Sabuni hufanya kazi mbili: inautelezesha mdomo upande, na inaziba vipenyo vidogo. Nasisitiza sabuni. Wapo wanaopaka grisi au oili chafu, au dizeli. Vitu hivyo hula mpira, tena havikauki. Siku utakapofunga breki kwa nguvu, ringi itazunguka na tairi litabaki nyuma.

Halafu akatoa kile kisindano kilicho ndani ya valvu, ili tundu la kupitishia upepo liwe pana. Akakiweka mfukoni mwa shati na kukifunga kifungo, kwa sababu kitu kidogo namna ile kikianguka mchangani huko Engaruka ndiyo kwaheri.

Ndipo ikaja kamba. Aliizungusha mara mbili katikati ya kashata za tairi, pale panapokanyaga barabara, akaifunga, akapenyeza mpini wa jembe na kuanza kuuzungusha kama mama anavyokamua blanketi. Kamba ilipojibana, kashata zilisukumwa ndani kidogo, na kwa kuwa tairi ni lazima liende mahali fulani, mbavu zake zikasukumwa nje, na mdomo ukaanza kuigusa ringi. Mkanda wa kufungia mizigo ya lori, ule wenye mkono wa kukazia, hufanya kazi hiyo hiyo kwa usalama zaidi, kwani mpini ukikuponyoka hujizungusha kwa nguvu ya kuvunja taya. Wenzetu wote tuliambiwa tusimame mbali.

Niongeze hapa, kwa sababu si haki kuisifu njia hii kupita kiasi: tairi la siku hizi lina mikanda ya chuma chini ya kashata, na halibonyei kama tairi la kizamani la nyuzi za mshazari. Kamba peke yake huenda isitoshe. Basi mmoja anakaza, mwingine analipigapiga tairi kwa kiganja na kulizungusha, wa tatu yuko kwenye kompresa. Siku ile ndivyo ilivyokuwa, na nadhani kupigapiga ndiko kulikomaliza kazi zaidi ya kamba.

Mafundi wengine wana njia ambayo mimi naipenda kuliko zote. Wanachukua tyubu kuukuu ya baiskeli au pikipiki, wanaipaka sabuni kila mahali, wanaizungusha katika upenyo ulio kati ya mdomo wa tairi na ringi, kisha wanaijaza upepo kidogo. Tyubu inavimba na kuziba upenyo wote kama utepe wa mlango wa jokofu. Ukianza kujaza tairi, upepo unabaki ndani, mdomo unasogea nje, na tyubu inatelezeshwa na kusukumwa nje yenyewe. Fundi anaivuta kabla haijabanwa. Katika nchi iliyojaa bodaboda kama yetu, ya nani itakosa tyubu kuukuu ya pikipiki? Iweke chini ya kiti pamoja na kipande cha sabuni. Havichukui nafasi.

Turudi kwenye upepo. Mdomo ukishaanza kushika, legeza kamba au mkanda kabla upepo haujawa mwingi, kisha endelea kujaza ukiwa umesimama mbali, mbele ya kashata na si mbele ya ubavu, kwa mpira mrefu unaojishika wenyewe kwenye valvu. Usiuinamie. Usiweke vidole kati ya mdomo na ringi, hata kwa nukta moja. Utasikia "pa!" ya kwanza, kisha ya pili.

Na usipoisikia? Hapa ndipo pana sheria ambayo watengenezaji wengi wameiandika kwenye ubavu wa tairi lenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma: kwa matairi ya magari madogo na ya kazi nyepesi, usizidishe paundi 40 wakati wa kukalisha mdomo. Ukifika 40 na mdomo haujakaa, toa upepo wote, paka sabuni upya, lizungushe tairi kwenye ringi, uanze tena. Usiseme "tuongeze kidogo tu." Chukua tairi la kipimo cha 265/70R16, ambalo liko kwenye magari mengi ya kazi. Kwa paundi 40, upepo unausukuma ubavu mmoja wa tairi hilo kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 9. Hiyo ni sawa na lori lililosimama juu ya ubavu huo, na wewe unainamia uone kama linavuja. Waya wa mdomo ukikatika wakati huo, ringi na tairi vinaachana kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizuia.

Ipo sababu moja ya mdomo kukataa kukaa ambayo inafaa kutajwa peke yake, nayo ni vipimo kutolingana. Huko Marekani zilikuwapo ringi za inchi 16 na nusu, na watu wameuawa kwa kufunga juu yake tairi la inchi 16. Tairi hilo huingia vizuri kabisa, kwa sababu ya lile bonde, lakini mdomo haufiki begani kamwe. Fundi anaongeza upepo, anaongeza, mpaka waya unakatika. Sisi tunaonunua matairi na ringi za mtumba, kila moja kutoka mahali pake, tuwe na desturi ya kusoma namba zote mbili kabla ya kufunga.

Sasa nije kwenye moto, nilioahidi tangu mwanzo. Mvuke wa petroli huwaka tu ukiwa kati ya sehemu moja na nusu hivi na sehemu saba na nusu katika kila mia ya hewa. Ukipungua hauwaki, ukizidi hauwaki. Kwa tairi la lita 70 kijiko kimoja au viwili vya chai vinatosha kabisa kufanya mchanganyiko mkali. Watu porini hawapimi kwa kijiko. Wanapima kwa macho. Wakitia nyingi mno kiberiti hakishiki, nao wanasogea karibu kutazama kwa nini, huku mvuke ukizidi kuchanganyika na hewa. Mchanganyiko wa namna hiyo ukiwaka ndani ya chombo kilichofungwa, msukumo hupanda kufikia karibu mara nane ya ule wa hewa ya kawaida, yaani zaidi ya paundi 100. Kwa kuwa tairi lina upenyo, sehemu kubwa ya nguvu hutoroka, na ndiyo maana video zinaisha kwa kicheko. Lakini mdomo ukiwahi kuziba kabla moto haujamaliza kazi yake, hakuna anayejua geji ingesoma ngapi, na zile paundi 40 za mtengenezaji zinabaki kuwa maandishi tu.

La pili ni jambo ambalo kijana wetu wa Engaruka hakulifikiria. Mlipuko haujazi tairi. Kilichomo ndani baada ya kishindo ni gesi ya moto, na gesi hiyo ikipoa inasinyaa. Unyevu wake unageuka maji, msukumo unashuka, na mara nyingine tairi linajivuta lenyewe kurudi bondeni. Ni lazima uwe na kompresa tayari ili ulijaze papo hapo. Basi kama kompresa unayo, na sabuni unayo, na kamba unayo, moto wa nini? Na kama kompresa huna, moto utakuachia tairi lililokaa kwenye ringi bila upepo wa kutosha kubeba hata gari tupu.

La tatu, petroli isiyoungua hubaki ndani. Unaongeza upepo, ambao ndani yake kuna hewa ya kuwakia, unaondoka na bomu dogo linalozunguka. Kesho kutwa ringi inapelekwa kuchomelewa bila tairi kutolewa. Hata pasipo petroli, kulehemu ringi iliyo na tairi ni jambo la kufisha, kwa maana joto huufanya mpira utoe gesi zinazowaka, na yapo matairi yaliyolipuka hivyo yakiwa hayana upepo kabisa. Sitaji nyasi kavu za Septemba na tangi la mafuta lililo hatua moja kutoka hapo.

Nisimsahau yule kijana wa kando ya barabara niliyeanza naye. Kwa magari madogo kazi yake ni salama akijua mpaka wa upepo. Kwa malori yenye ringi za vipande, zile zinazoshikwa na pete ya chuma pembeni, yeye hukaa mbele ya mzinga kila siku. Pete ikichomoka wakati wa kujaza upepo hurushwa kama sahani. Marekani iliweka kanuni mwaka 1980 ya kwamba magurudumu ya namna hiyo yajazwe yakiwa ndani ya kizuizi cha chuma, na mwaka 1984 ikaipanua kwa ringi za kipande kimoja za magari makubwa. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomdai mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini kijana huyu mara nyingi hana mwajiri. Ana kompresa ya kukodi na mteja anayepiga honi. Mteja huyo ni mimi na wewe. Tunapomwambia "fanya haraka bwana, ongeza tu upepo," tunamwomba akae karibu zaidi na kitu kinachoweza kumkata kichwa, kwa malipo ambayo hata chai na chapati hayatoshi.

Tumalizie lile tairi letu. Mdomo ukishakaa, chunguza ule mstari mwembamba ulioumbwa kwenye mpira karibu na ringi. Ni lazima uwe umbali ule ule kutoka kwenye chuma, kuzunguka tairi zima, pande zote mbili; ukizama mahali pamoja, mdomo haujakaa. Rudisha kisindano cha valvu, jaza upepo wa safari, pakaa povu kuzunguka ringi uone kama kuna mapovu yanayotoka. Endesha taratibu kilomita kumi za kwanza, usimame, upime tena. Na ukifika mjini, hata kama tairi linaonekana zima, mwambie fundi alitoe kwenye ringi na kupitisha mkono ndani. Likiwa lilikimbia hata mwendo mfupi bila upepo, mbavu zake zilisagana zenyewe kwa zenyewe, na ndani utakuta unga mweusi wa mpira, kama masizi. Ukiuona unga huo tairi hilo limekwisha, hata kama kashata zake bado ni mpya.